Mtu aliyeitwa panya hana pa kujibia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mazoea ya magazeti yetu ya kuwaeleza watu kwa sitiari za wanyama, wadudu na maradhi, hasa katika vichwa vya habari vya ukurasa wa mbele.

Sipingi sitiari yenyewe. Lugha yetu imelelewa na mafumbo, na mtu wa Pwani anaweza kukusema kutwa nzima kwa maneno ya kanga aliyojifunga bila kukutaja jina. Lakini fumbo lina adabu yake, kwamba anayerushiwa anaweza kujibu. Jirani atatafuta kanga yenye jibu, na mwimbaji wa taarabu aliyepigwa kijembe atarudi jukwaani na wimbo wake. Hata magazetini, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza kutolewa hapa Dar es Salaam mwaka 1923, washairi wamekuwa wakijibizana kwa beti, mmoja akifumba na mwenzake akifumbua. Anayefumbiwa kwa namna hiyo bado anahesabiwa kuwa mtu mwenye akili na kinywa chake.

Sasa litazame jina la Panya Road, wanaloitwa vijana wanaovamia na kupora watu kwa mapanga hapa Dar es Salaam, ambalo limejaa katika kurasa zetu tangu taharuki ya Januari 2015 na likarudi kwa kishindo mwaka 2022. Uhalifu wenyewe ni wa kweli. Wako watu waliovamiwa na kukatwa mapanga, na siandiki kuwatetea waliowafanyia hivyo. Ninachouliza ni jina hilo linatufanya nini sisi tunaolisoma. Panya hafunguliwi mashtaka. Hutegwa au huwekewa sumu, na aliyemuua hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Sitiari ya namna hii huja na hukumu yake: jipu hutumbuliwa, kupe hupondwa, takataka husafishwa, na tukishalikubali jina tunakuwa tumeikubali na hatua inayofuata kabla hatujaijadili.

Tena jina halitulii pale lilipowekwa. Katika kituo cha Mbagala Rangi Tatu nimemwona kijana aliyenyoa kiduku akisukumwa na konda asipande daladala, huku akiambiwa, “Shuka, panya road wewe,” na akina mama waliokaa karibu na mlango wakivutia mikoba yao kifuani. Mkononi alishika ndoo iliyoganda rangi na brashi mbili za kupakia nyumba. Hakusema neno, na sijui angesema nini kikasikika.

Tuliwahi kuliona jambo hili kwa neno kupe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe alikuwa mnyonyaji, yaani mwenye mali aliyeishi kwa jasho la wengine. Baadaye shutuma hiyohiyo ya unyonyaji ikamwangukia mkazi wa mjini asiye na ajira, na katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 watu wakakamatwa katika mitaa ya jiji hili na kupelekwa vijijini. Neno lililokusudiwa kumlinda mnyonge likaishia kumwandama yeye.

Lililo baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuwaita ndugu zetu wenye ualbino “dili”. Waliosema hivyo mitaani huenda walidhani wanatania, ilhali katika mikoa ya Kanda ya Ziwa watu walikuwa wakiuawa na viungo vyao kuuzwa, na neno hilo lilikuwa limekwisha kuwahesabu miongoni mwa bidhaa.

Wenzetu wa Rwanda walifika mbali zaidi. Kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na wakati yakiendelea, redio na gazeti viliwaita Watutsi mende. Desemba 2003, katika mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha, waasisi wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti hilo walitiwa hatiani. Silinganishi magazeti yetu na yale, na ingekuwa dhuluma kufanya hivyo. Nataja tu kwamba kati ya waliosimama kizimbani alikuwamo mtu mwenye kazi kama yako.

Kwa hiyo ninakuomba, Ndugu Mhariri, pamoja na wenzako wa vyumba vingine vya habari, jina la Panya Road liondoke katika vichwa vya habari na libaki ndani ya habari, pale tu anaponukuliwa aliyelitamka. Watuhumiwa wa uporaji waitwe watuhumiwa wa uporaji. Na kijana aliyetolewa picha ukurasa wa mbele siku ya kukamatwa, mahakama ikimwachia huru, habari hiyo nayo itolewe ukurasa wa mbele, kwa herufi za ukubwa uleule.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam