Siku yetu ya mwisho Maskati

Shoga yangu, assalaam aleikum,

Najua unanidai stori tangu tulivyotua, na mimi nakujibu nusunusu kwenye simu. Sasa leo watoto wako shule, baba yao yuko saiti, nimekaa nikuandikie vizuri maana siku ile ya mwisho siwezi kuimaliza kwa voisi.

Asubuhi tulienda msikiti wa Sultan Qaboos, ule mkubwa uliofunguliwa 2001, siku zote tulikuwa tunaupita na teksi tunasema kesho, kesho. Shoga, lile zulia! Kipande kimoja, mita 70 kwa 60, wamelifuma wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Watu wote wanapiga picha taa iliyoning'inia juu, mimi naangalia chini nawaza vidole vya wale kina mama, machozi yakanilenga.

Tukatoka hapo mpaka soko la Mutrah kununua zawadi na ubani wako. Muuzaji alinionyesha hojari, ule ubani wa Dhofar, kusini ya Omani, akachukua punje moja akainyanyua kwenye mwanga wa taa, ndani ina ukijanijani hivi, halafu akaitupia kwenye kaa la moto, hata moshi wake haukeri pua. Bei yake sasa, nikamgeukia baba watoto nikamwambia huyu katuona wageni, tumpe nusu tu. Nyuma yangu nasikia sauti, "Ongezeni kidogo wanangu, huo ni ubani wa kweli."

Bibi mtu mzima, kakaa kwenye kiti anamsubiri mjukuu wake. Tukampa shikamoo, akaitikia, akamuuliza mume wangu kwao wapi, akasema Pemba, Wete. "Wete mtoto wa nani?" Basi hapo ndo siku yetu ilipobadilika. Kumbe na yeye kazaliwa Pemba, kaondoka msichana baada ya mapinduzi ya 1964, wakahangaika huku na huku, wakaja kutulia Omani baada ya Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita watu wake warudi. Kiswahili chake hakijaenda popote, ni kile cha Pemba chenyewe, na akitaka kumgombeza mjukuu anamgombeza kwa Kiswahili.

Saa saba maduka mengi yanafungwa mpaka jioni, akasema hamwendi hotelini nyie, njooni kwangu. Tukaenda. Wali, samaki wa kuchoma, tende, halua ya zafarani bado ya moto, kahawa ya iliki kwenye vile vikombe vidogo, na kama hujakitikisa kikombe wanakumiminia tu.

Ila nilichotaka kukwambia hasa ni hiki. Bibi aliuliza, "Karafuu mwaka huu zimezaa?" Mume wangu unamjua, mtu wa maneno matatu kwa siku, akaanza kuongea hakukoma. Mama yake anavyotandika majamvi uwanjani kuanika karafuu, wao watoto wanavyokaa usiku kuchambua vikonyo mpaka vidole vinanuka wiki nzima, wingu likitanda kijiji kizima kinakimbilia kuanua. Bibi anamalizia, yeye anaanzisha, wanacheka, mara bibi analia, mara wanataja miti na vichochoro. Mimi nimekaa pembeni na kahawa yangu namwangalia huyu mwanamme niliyezaa naye watoto, hizo habari sijawahi kuzisikia hata moja. Nilimpenda upya shoga, nakwambia ukweli wa Mungu. Miaka yote hii tunaongea ada, kodi, gari bovu, sijawahi kumuuliza utoto wake ulikuwaje na yeye hakuona pa kuanzia.

Jioni tukatembea kando ya bahari pale Mutrah, ndege yetu ilikuwa usiku. Badala ya mimi kuhesabu mabegi nikawa nauliza maswali, naye anajibu.

Nyie mkienda, nendeni kati ya Novemba na Februari, Juni hadi Agosti lile joto si la binadamu. Pesa chukueni ya kutosha maana rial moja ni kama dola mbili na nusu na kitu, unaona kanoti kadogo kumbe umelipa hela ya maana. Halua pakia kwenye begi kubwa, mkononi wanaweza kukuzuia nayo.

Ubani wako upo kwenye kopo nimeufunga vizuri, njoo Jumamosi uchukue na ule mchana hapa. Baba watoto karudi na namba ya bibi, wanapigiana simu kama mtu na shangazi yake. Desemba watoto wakifunga shule anataka tuvuke wote Pemba akaitafute ile nyumba ya kina bibi, kama bado ipo tuipige picha tumtumie. Mimi nimeshaanza kuweka nauli.

Wasalimie nyumbani wote, shemeji mpe salamu zake.

Shoga yako