Dawa za usingizi si ndugu wa tumbo moja

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa kazini wodini na sijawahi kukuandikia hata mstari. Lakini ile taarifa yenu ya wazee wa huku kusini wanaojinunulia dawa za usingizi imenishinda. Mwandishi wako anasema dawa hizo ni zilezile, tofauti ni jina la kiwanda tu. Nani kamwambia?

Diazepamu, ambayo wengi bado wanaiita Valium, ni ya ukoo wa benzodiazepini: pete ya benzini, yaani atomi 6 za kaboni zilizoshikana kwa duara, imeshikamana na pete ya atomi 7, mbili kati yake nitrojeni. Fenobabitoni ya wagonjwa wa kifafa ni ya ukoo wa babichureti, pete yake ina atomi 6. Kwa umbo hazifanani, ila zote hufanya kazi kwenye mlango mmoja wa ubongo, ule unaofunguliwa na GABA, kemikali inayotuliza mishipa ya fahamu. Diazepamu huufanya ufunguke mara nyingi zaidi; bila GABA haifanyi kitu. Fenobabitoni huufanya ukae wazi muda mrefu, na ikizidi huufungua yenyewe. Ndiyo maana ikizidishwa hukata pumzi upesi, na flumazenili, inayozimua diazepamu, kwake haisaidii. Pombe nayo hupitia mlango huohuo, kwa hiyo wanaoshushia kidonge kwa uraka wajue wamekunywa dawa mbili.

Kinyume chake pia kipo: umbo karibu moja, kazi tofauti. Promethazini na klopromazini zote zina pete tatu, ya katikati ina salfa na nitrojeni. Zinatofautiana kwa klorini moja na urefu wa mkia. Lakini moja tunampa mtu mwenye mzio au kichefuchefu, nyingine ni ya wagonjwa wa akili.

Hiyo klopromazini naijua vizuri kuliko nilivyotaka. Baba mkwe wangu, hapa Mikindani, aliandikiwa diazepamu ya miligramu 5 kwa sababu ya misuli ya mgongo iliyokuwa inambana. Vidonge vikamwishia, akamtuma mjukuu duka la dawa. Kijana wa dukani hakuwa nayo, akatoa klopromazini ya miligramu 100, eti na hiyo ni ya usingizi, ila kali kidogo. Mzee wa zaidi ya miaka 70! Kibahasha cha nailoni kimeandikwa kwa kalamu "1x1 usiku", basi. Jina la dawa hakuna, nguvu yake hakuna. Usiku wa manane mzee kaamka kwenda msalani, hatua ya pili yuko chini, kipaji cha uso kimegonga ukingo wa kitanda cha mninga. Klopromazini hulegeza mishipa ya damu. Ukisimama ghafla presha inaporomoka. Asubuhi nilimpima akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, nikaona kwa macho yangu. Nikaenda dukani na kile kibahasha, nikadai nionyeshwe kopo. Kijana akanionyesha bila wasiwasi, akaniuliza, "Lakini mama, si alilala?" Hakumuuliza mjukuu babu ana presha au hana, wala alikuwa anatumia diazepamu kwa muda gani. Aliyeizoea akiikata ghafla hutetemeka, hukosa usingizi kabisa, wengine hupata degedege. Halafu nafungua gazeti nasoma kwamba ni zilezile!

Na mbona hamkuuliza kwa nini wazee hawalali? Njooni msimu wa korosho, fedha zikishaingia. Spika zinapigwa mpaka alfajiri, madirisha yanatetemeka, na ukienda kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa unamkuta ndiye ameshika kipaza sauti. Dawa ya hapo haiuzwi dukani.

Napendekeza hivi. Kila kibahasha cha dawa kiandikwe jina na nguvu ya dawa kwa herufi kubwa kama zile za tangazo la "Leo hatukopeshi" lililobandikwa ukutani, maana hilo hakuna anayeshindwa kulisoma. Na mwandishi wako, kabla hajaandika tena habari za vidonge, akae na mwanafunzi yeyote wa kidato cha sita anayesoma kemia, achorewe pete hizo ubaoni. Soda ya mwanafunzi nitanunua mimi.

Muuguzi mstaafu,
Mikindani, Mtwara