Saini kwenye fomu haitoshi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu filamu za hali halisi katika jamii zisizosikika imeisifu fomu ya ridhaa kana kwamba saini ikipatikana, kazi imekwisha. Anayesaini siku ya kwanza hajui bado atasema nini, wala maneno yake yatakatwa wapi. Ridhaa yafaa iombwe mara tatu: kabla ya kupiga picha, baada ya mahojiano, na filamu ikiwa bado toleo ghafi. Hiyo ya tatu ndiyo hurukwa, nayo ndiyo nzito.

Wahusika, yaani waliopigwa picha, walione toleo ghafi kabla mpangilio wa picha haujafungwa, yaani kabla haijaamuliwa kwamba hakuna kipande kitakachokatwa au kuhamishwa tena. Ukishafungwa, sauti ikachanganywa na rangi ikarekebishwa, kuondoa sekunde 20 ni kuwarudisha kazini mafundi watatu, na hapo mtayarishaji hakosi kisingizio. Onyesho hilo liingie kwenye bajeti tangu mwanzo: projekta, spika, nauli, mkalimani, na angalau wiki mbili za kusahihisha. Wanawake na vijana wawe na kikao chao. Mbele ya wakubwa, wengi wao hunyamaza, kisha kimya chao huandikwa kuwa wamekubali.

Wala si jambo geni. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, mradi wa Bodi ya Taifa ya Filamu chini ya Colin Low uliwaonyesha wakazi picha zao wenyewe kwanza, kabla ya wengine kuziona.

Kuna na maikrofoni ya kifuani. Mahojiano yamekwisha, kamera imewekwa chini, mama anamgeukia mwanawe kumnong'oneza habari ya deni, na kinasa sauti bado kinanasa. Wiki kadhaa baadaye mnong'ono huo unabandikwa juu ya picha ya uso wake. Fundi sauti amvue maikrofoni kwanza, asante zifuate.

Kwa anayehitaji kufichwa, kuutia uso wake ukungu kwenye picha ni kujidanganya. Jirani humtambua kwa sauti, nguo, mwendo, hata ufa wa ukutani. Apigwe picha ya mikono tu, au ya kivuli, na maneno yake yasomwe na mtu mwingine. Uso wake usirekodiwe kabisa, maana faili isiyokuwepo haiibiwi. Simu nazo huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mpangilio huo wa simu uzimwe kabla ya safari, si baada.

Mwisho, trela. Wahusika wameridhia filamu ya dakika 52, lakini umma unaona kwanza bango na trela ya dakika mbili, kazi ya msambazaji ambaye hajawahi kukutana nao. Chozi moja lililotulia ndani ya filamu hugeuka kuwa tangazo. Mkataba wa usambazaji uwe na kifungu kwamba trela, bango na jina la filamu havitoki kabla wahusika hawajaviona. Msambazaji akikataa, heri ajulikane kabla ya kutia saini.

Mhariri wa filamu