Barua ya Wazi kwa Watafiti Vijana wa Vitivo Vyote

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliosajiliwa kwa shahada za uzamili na uzamivu, mtakaoshinda maabara na mtakaoshinda katika hifadhi za nyaraka, mtakaokwenda uwandani na hojaji mkononi, na ninyi mtakaobaki na karatasi na kalamu tu. Kilichonisukuma ni swali ambalo nimelisikia mara nyingi mno katika vikao vya kutetea mapendekezo ya utafiti. Mwanafunzi wa historia anaeleza kwamba atasoma barua za karani mmoja wa mahakama, na mwenzake wa kitivo cha tiba ananyosha mkono kuuliza, "Sampuli yako ni ya watu wangapi?" Watu wanacheka. Kikao kinachofuata kibao kinageuka: mwanafunzi wa hisabati anaeleza tatizo lake, na mtu wa sayansi ya jamii anataka kujua jibu lake litamfaa mwananchi gani.

Swali la sampuli ni jema sana kwa anayepima dawa. Mgonjwa mmoja akipona, huenda angepona hata bila kutibiwa. Ndiyo maana mpimaji hana budi kuwa na wagonjwa wa kutosha, kuwagawa kwa nasibu na kuweka kundi linganishi. Jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu lililochapishwa Uingereza mwaka 1948 linakumbukwa hadi leo kwa sababu hiyo hasa. Wagonjwa walikuwa 107. 55 walipewa dawa na 52 walipumzishwa kitandani tu, na daktari hakujua mgonjwa wake ataangukia upande gani mpaka bahasha iliyofungwa ifunguliwe. Bahasha ile ilikuwapo ili huruma ya daktari, au matumaini yake, yasichague nani apate dawa.

Lakini anayesoma barua za karani haulizi makarani kwa wastani hufanya nini. Anauliza karani huyu aliona nini, alimwandikia nani, alitaka kuficha nini, na kwa nini barua za miezi fulani hazipo. Umakini wake uko kwingine: katika kutambua mwandiko, kulinganisha tarehe na daftari la mashauri, kuchunguza karatasi na wino, kupima neno la shahidi mwenye maslahi dhidi ya neno la asiye na maslahi. Akiwa mzembe katika hayo, hata angesoma barua elfu, kazi yake haisimami. Mkimwuliza ukubwa wa sampuli mnamsamehe maswali magumu ambayo kwa kweli ilipasa aulizwe, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika kicheko kile.

Wala msidhani tofauti hizi ziko kati ya "sayansi" na "sanaa" peke yake. Mwezi Juni mwaka 1993 mwanahisabati Andrew Wiles alitangaza kwamba amethibitisha dai la Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, lililokuwa limewashinda wanahisabati kwa zaidi ya miaka 350. Wakaguzi walipoipitia kazi yake, pengo likaonekana katika hatua moja ya hoja. Katika fani nyingine kazi iliyokamilika kiasi kile ingehesabiwa kuwa ushindi wenye dosari ndogo. Katika hisabati, hoja yenye pengo haijawa uthibitisho. Alirudi mezani, akasaidiwa na Richard Taylor, na Septemba 1994 akapata njia ya kuliziba. Makala zikachapishwa mwaka 1995. Wanafizikia nao, walipotangaza kuiona chembe ya Higgs, moja ya chembe ndogo kabisa za maumbile, mwaka 2012, walikuwa na kipimo chao: kama chembe ile haipo, ishara yenye nguvu kiasi kile ingejitokeza kwa bahati tu takriban mara 1 katika milioni 3.5. Fani nyingi zinazoshughulika na watu huridhika na mara 1 katika 20. Si kwamba huyu ni mwadilifu na yule ni mvivu. Mwanafizikia anaweza kugonganisha chembe mabilioni kwa mabilioni. Anayechunguza ugonjwa adimu hawezi kuagiza wagonjwa, wala mwenye maadili asingetaka kufanya hivyo.

Hata hivyo, wenye namba wasitembee vifua mbele. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimekwisha kutoka katika majarida yenye hadhi. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimepata matokeo yaliyovuka kizingiti cha takwimu. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu ndizo zilizovuka. Takwimu zilikuwapo, majedwali yalikuwapo, wapitiaji walikuwa wamepitisha. Kilichokosekana mara nyingi katika kazi za namna hiyo ni uvumilivu wa kusema mapema utapima nini, na ujasiri wa kuchapisha kwamba hukukuta kitu.

Nanyi mnaofasiri matini, msijifiche nyuma ya kauli kwamba kila mtu na tafsiri yake. Kuna swali moja ambalo ningependa liulizwe katika kila kitivo bila ubaguzi: ni kitu gani ukikiona utakubali kwamba dai lako si sahihi? Mwanaakiolojia atajibu kwamba ni kifaa cha chuma kukutwa chini ya tabaka alilosema ni la kabla ya chuma. Mwanaisimu atajibu kwamba ni sentensi ambayo kanuni yake inairuhusu, na wazawa wa lugha wanaikataa. Mwanasheria atataja hukumu ambayo haiwezi kupatana na kanuni anayodai mahakama inaifuata. Mhakiki wa fasihi atataja beti ambazo usomaji wake hauwezi kuzibeba. Asiye na jibu bado hajapata utafiti, ana maoni. Na mwenye jibu anastahili kusikilizwa hata kama hana grafu hata moja.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye mfano mmoja ninaoupenda, kwa sababu ndani yake mna vitivo vitatu au vinne vilivyoshikana. Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo, waangalizi wa anga wa Babeli waliandika juu ya udongo mbichi, kwa mwandiko wa kikabari, kwamba jua lilipatwa lote. Wakaongeza kwamba sayari za Zuhura na Utaridi zilionekana, pamoja na nyota za kawaida, na kwamba Mshtarii na Mirihi, ambazo wakati huo hazikuwa zikionekana, nazo zilionekana katika giza lile. Sasa chukueni mwendo wa mwezi na wa dunia, mhesabu kurudi nyuma mkidhani kwamba siku ina urefu uleule tangu zamani. Hesabu itakuambieni kwamba kivuli kilipita mbali sana magharibi mwa Babeli, takriban nyuzi 49 za longitudo. Lakini walioandika walikuwa Babeli, na walisimama gizani. Maana yake ni kwamba dunia ilikuwa ikizunguka kwa kasi kidogo zaidi, na tofauti ndogo ndogo za kila siku zimelimbikizana hadi kuzidi saa tatu.

Mwanafalaki F. Richard Stephenson na wenzake walikusanya kumbukumbu za namna hii kutoka kwa Wababeli, Wachina, Wagiriki na Waarabu, wakapata kwamba siku hurefuka kwa takriban milisekunde 1.8 kila karne. Hapo ndipo penye utamu. Msuguano wa maji kupwa na maji kujaa peke yake ungerefusha siku kwa takriban milisekunde 2.3 kwa karne, kwa hiyo kuna kitu kingine kinachoivuta dunia upande wa pili. Na wataalamu wa jiofizikia wanataja, miongoni mwa sababu, ardhi inayoendelea kuinuka mahali palipokuwa pamelemewa na barafu nene maelfu ya miaka iliyopita. Mwanafalaki hakuweza kufika hapo bila mtu aliyetumia ujana wake kujifunza Kiakadi, lugha ya Wababeli wale, akajua kutofautisha kitenzi cha kupatwa kwa sehemu na cha kupatwa kote, akajua mwezi upi wa kalenda ya Babeli unalingana na upi wa kwetu. Kama yule mtu wa lugha angekosea neno moja, hesabu za mwanafalaki zingekuwa sahihi na jibu lisiwe sahihi. Nani kati yao alikuwa msaidizi wa mwenzake? Mimi siwezi kusema.

Kutojua kilichomo nyumba ya pili kuna gharama. Mwaka 1917 Johann Radon alichapisha hisabati ya kulijenga upya umbo kutokana na vipimo vya mistari inayolipenya. Allan Cormack, alipokuwa akitafuta njia ya kuona ndani ya mwili kwa eksirei, alitatua tatizo hilo upya na kuchapisha mwaka 1963 na 1964 bila kujua kwamba Radon alikwisha kulitatua. Godfrey Hounsfield akatengeneza mashine ya kupiga picha za namna hiyo, ile ya CT scan, na mwaka 1979 yeye na Cormack wakapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Kwa hiyo anayemwuliza mwanahisabati kazi yake itamfaa nani leo, ampe muda. Na mwanahisabati naye asione haya kujibu kwamba hajui bado.

Muda wenyewe haufanani. Dorothy Hodgkin alipiga picha zake za kwanza za eksirei za fuwele ya insulini mwaka 1935, na umbo kamili la molekuli hiyo akalipata mwaka 1969. Katikati alifanya mengine makubwa, lakini swali lile halikumtoka. Leo tunamtaka kijana atoe makala mbili kwa mwaka, na nimekaa katika kamati za kupandisha vyeo ambamo mwanahistoria mwenye kitabu kimoja cha miaka minane aliwekwa kwenye mizani moja na mtu ambaye jina lake lilikuwa la mia mbili na ngapi sijui katika orodha ya waandishi. Simdharau huyo wa pili: makala ya mwaka 2015 iliyounganisha vipimo viwili vya uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154, na orodha ya majina ilichukua kurasa 24 kati ya 33, kwa sababu mtambo wa kugonganisha chembe hauwezi kuendeshwa na watu kumi. Ninachokataa ni kuhesabu majina hayo na kile kitabu kwa kidole kimoja. Hata kile kipimo cha wastani wa kunukuliwa kwa jarida, ambacho wakuu wengi wa idara wanakipenda, kilibuniwa kuwasaidia wakutubi kuchagua majarida ya kununua. Na azimio la San Francisco la mwaka 2012 liliwaomba waajiri na wafadhili waache kukitumia kumpima mtu mmojammoja. Msisubiri kamati zibadilike ndipo mwache kupimana hivyo ninyi wenyewe.

Najua baadhi yenu mtaniambia kwamba siku hizi wafadhili wanataka utafiti wa fani nyingi kwa pamoja, basi mmekwisha kufanya ninachokisema. Sina hakika. Ninaona mhandisi anayezungumza na watu wachache kwa saa moja, kisha anaita sura hiyo ya tasnifu "utafiti wa kijamii". Na ninaona mwanafunzi wa fasihi anayetia riwaya kwenye programu, anapata michoro ya rangi, na hawezi kueleza programu ilihesabu nini. Kuazima bila kumwuliza mwenyewe ni utovu wa adabu, na katika utafiti huleta matokeo mabovu. Kazeni kwanza katika fani yenu mpaka mjue udhaifu wake. Kisha mnapohitaji mbinu ya jirani, mwendeeni kabla ya kukusanya data, siyo baada, mkubali awaambie kwamba swali lenu halijibiki kwa njia hiyo. Mnaotaka kuwahoji watu, mwulizeni mwanaanthropolojia namna ya kuomba ridhaa ya mzee asiyesoma fomu, maana fomu iliyotiwa kidole gumba bila kueleweka si ridhaa.

Hudhurieni pia semina za idara zisizo zenu, hata moja kwa mwezi. Msiende kuonyesha ujuzi. Sikilizeni mambo ambayo wenyeji hawabishanii, kwa kuwa humo ndimo ilimofichwa mizani yao, na baada ya semina mwulizeni mmoja wao, nje ya ukumbi, jambo gani lingemfanya abadili mawazo.

Jambo la mwisho linahusu daftari zenu. Kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kimehifadhi nafaka, nyasi na udongo wa mashamba yake ya majaribio tangu karne ya 19. Walioanza walikuwa wakichunguza mbolea. Baadaye sana wengine wakazitumia sampuli hizohizo kutafuta mabaki ya milipuko ya nyuklia, jambo ambalo waanzilishi hawakuweza hata kuliota. Shajara za manahodha, zilizoandikwa kwa ajili ya usalama wa merikebu, leo zinasomwa na wataalamu wa tabianchi. Basi kila mnachokusanya, iwe sauti ya mahojiano iliyonaswa, kipande cha jiwe au safu za namba, kiandikieni siku, mahali, chombo kilichotumika na mkono ulioandika, kwa maneno ambayo mtu wa kitivo kingine atayaelewa bila kuwapigia simu. Walichowaomba wasailiwa kisifunuliwe, kitieni kufuli. Vingine vyote vikabidhini maktaba kabla hamjahitimu, kwa sababu baada ya mahafali kompyuta huharibika na masanduku hupotea.

Nawatakia kazi njema.

Mzee wenu,
profesa mstaafu