Shukrani kwa mheshimiwa aliyeomba nisimtaje jina

Mheshimiwa, uliniomba nisitaje jina lako, nami ninatii. Lakini kunyamaza kabisa siwezi.

Nilipoitwa na ofisi moja hapa Bukavu kwa sababu ya taarifa niliyoisoma redioni kuhusu bomba la maji la Kadutu, nilikuja kwako nikitetemeka, nikijua tu kwamba kabla ya kuwa wakili na mbunge wa taifa, wewe mwenyewe uliwahi kushika kinasa sauti. Hukunipa pesa wala hukumpigia mtu simu. Ulinikalisha mezani, ukafungua nakala yako ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, iliyochakaa na kushonwa kwa uzi mweusi, ukapiga mstari chini ya ibara ya 23 na ya 24, juu ya uhuru wa kutoa maoni na haki ya kupata habari. Kisha ukafunua ibara ya 107, inayomkinga mbunge kwa maoni na kura zake kazini, ukasema: "Hii ni yangu kule Kinshasa. Hizo mbili ni zako, mdogo wangu. Zitaje kwa sauti yako mwenyewe."

Nilizitaja, na jioni ile nilirudi nyumbani. Naamini ni uandishi wa habari uliokufundisha kusikiliza vile, kwani uliniuliza maswali saa nzima kabla ya kunishauri neno lolote.

Aksanti sana, kaka mkubwa. Ile nakala uliyonipa niende nayo bado ninayo.