Barua ya wazi kwa Diwani wetu: mbwa kalipa kiingilio, daraja liko wapi?

Mheshimiwa Diwani, shikamoo.

Natumaini hujambo na familia haijambo. Hongera pia kwa kile kibao kipya pale njia panda, kimependeza kweli, picha yako imekuwa kubwa kuliko ya maporomoko yenyewe. Sitaji kata wala jina la maporomoko maana sitafuti kesi, ila wewe unajijua. Nimepiga simu hazipokelewi, nimeacha ujumbe, nimekuja ofisini mara tatu naambiwa uko kikaoni mjini Moshi. Basi naandika hapa wote wasome.

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanangu kuangalia maji, Glory ana miaka 10 na Brayan 7, pamoja na mbwa wetu Tomi. Najua kuna watakaocheka, eti siku hizi mbwa nae anatalii. Ndiyo, anatalii. Hao watoto wamekua nae, asipokwenda Brayan anakaa chini katikati ya njia anagoma. Na tungempeleka wapi kwingine? Hifadhi za taifa mbwa haruhusiwi kuingia, kwa hiyo yale maporomoko ya Tululusia kule Hifadhi ya Arusha sisi tunayaona kwenye simu tu. Haya ya kijijini ndio yetu, kwa mguu kutoka nyumbani ni kama dakika 40 unapita migombani na kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji, watoto wanaokota parachichi njiani, raha mustarehe.

Tumefika getini kijana anasema mbwa nae analipa. Nikajua utani. Kumbe yuko siriasi, akachana kikaratasi akaandika "mgeni 1". Tomi huyo! Kazaliwa kihambani kwetu, shambani hapa nyumbani, nyuma ya banda la ng'ombe, leo ni mgeni. Nikatoa kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ya mwaka huu kabisa, nikamwonyesha na kamba aliyofungwa, hata hakuangalia. Risiti ya mashine? Mashine iko chaji. "Mama lipa tu upite." Nikalipa, watoto walishaanza kukunja suruali, ningefanyaje.

Sasa sio hiyo hela iliyonitoa machozi mheshimiwa, ni lile daraja. Mbao nne hazipo. Sijasema zimeoza, hazipo, na misumari imeng'olewa vizuri kabisa kitu ambacho mvua haiwezi kufanya, nasikia zimeenda kujengea banda la kuku la mtu fulani, mimi sijaona kwa macho nasema nilichosikia. Gaidi tuliyepewa (wa utalii, sio yule mwingine) akaruka kama mbuzi akageuka akasema "ruka tu mama". Glory akaruka. Mimi nina mkoba wa chakula bega moja, mkono wa pili kamba ya Tomi, Brayan hakusubiri ashikwe, nae akaruka na ndala zake zimelowa, mguu ukapita mpaka kwenye paja.

Na pale maji yanavyopiga kelele mtoto akilia humsikii. Nilijua kuna kitu kwa sababu Tomi alivuta ile kamba mpaka nikaanguka magoti, nikajikuta uso kwa uso na Brayan, nikamshika kwapani. Nikashindwa kumtoa. Meku mmoja, mzee wa huku kwetu, alikuwa anakata majani ya ng'ombe ng'ambo ndio alitupa panga akaja tukamvuta wote wawili. Gaidi alikuwa mbele huko anajipiga selfi. Mguu umechunika kuanzia gotini, mpaka leo mtoto akisikia bomba linamwaga maji anashtuka.

Tena siku hiyo jua lilikuwa linawaka, huku chini hakuna hata wingu, lakini mto ulikuwa umejaa umebadilika rangi kwa sababu usiku ilinyesha juu msituni. Wenyeji tunajua hilo, ila wageni nani anawaambia? Getini wanajua kuhesabu vichwa tu, pamoja na vya mbwa.

Nikukumbushe kidogo mheshimiwa. Uwanja wa shule, ule mkutano, ulisimama juu ya meza ukasema daraja la chuma, vyoo vya wageni, na kamba za kushikia pale kwenye ngazi za udongo, vyote "kabla ya masika". Masika imepita, kipupwe kimepita, vuli ndio hii inaanza. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na hicho ndicho kinaniuma kuliko vyote.

Shemeji yangu ni mpagazi, anasema njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro ina madaraja ya mbao mazuri unapita hata ukiwa na mzigo kichwani. Mlima wa mita 5,895 una madaraja, sisi huku kwenye migomba mto wa kuvuka kwa hatua nne umetushinda? Hela ya kiingilio inaenda wapi? Naogopa kujibu mwenyewe.

Na Desemba hiyo inakuja. Unajua Wachagga wanavyorudi nyumbani, magari yanapanda kutoka Dar usiku na mchana, ndafu (yule mbuzi wa sikukuu) inachinjwa, na kesho yake Krismasi watoto wote wa mjini wanapelekwa kuona maporomoko, watoto ambao hawajawahi kukanyaga utelezi wamevaa viatu vipya vya sikukuu. Sitaki hata kufikiria.

Vyoo acha, tutajisitiri migombani kama siku zote. Ngazi nazo acha, tutashuka kwa makalio. Hata daraja la chuma nimekusamehe, na Tomi nitaendelea kumlipia kama mgeni wa heshima. Naomba mbao nne mheshimiwa. Mbao nne tu, kabla ya Krismasi. Misumari ninayo nyumbani, na yule meku kasema nyundo anayo.

Ni mimi mwananchi wako,
Mama Glory