Barua kwa mwanangu aliye Gredi 6

Mami,

Nimeona nikuandikie kwa simu ya mamako juu ukitoka shule mimi bado niko kwa shedi yangu ya useremala Ngong Road na nikifika nyumbani umeshalala, na hii maneno ya Jumapili sitaki ikae. Uliuliza mbele ya cucu kama mtu akianguka KPSEA, huo mtihani wenu wa Gredi 6, anarudia darasa ama anapelekwa shule mbaya, na kabla nifungue mdomo auntyako akakujibu ati ndio, ni hivyo hivyo, na tangu siku hiyo unalala na kitabu kifuani. Sasa sikia yangu.

Auntyako alifanya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, hata mimi. Yangu ilikuwa 1998, pepa saba, jumla 700, na hiyo namba ndio ilikuwa inaamua kama unaenda shule ya nashonali, ama provinsho, ama ile dei ya hapo karibu, na kuna wenye walipita vizuri kabisa na hawakuenda popote kwa sababu ya karo. 2001 wakapunguza ikawa pepa tano, jumla 500, lakini woga haukupungua. Ya mwisho ilifanywa 2023. Auntyako anakutisha na mtihani wenye haupo tena, ndio maana nilinyamaza, sikutaka kubishana naye mbele ya mamangu.

Yenu, KPSEA, ilianza 2022. Walipoileta walituambia zile kazi mnapimwa shuleni Gredi 4, 5 na 6 ni asilimia 20 kila mwaka, jumla 60, halafu pepa yenyewe ndio 40. Kwa hivyo siku unakaa chini kufanya hiyo pepa tayari sehemu kubwa umeshaimaliza, na hata ukikosa maswali mangapi Gredi 7 unaenda, junia si iko hapo hapo kwa kompaundi, unabadilisha darasa tu. Mambo ya kuchaguliwa shule yanakuja ukimaliza Gredi 9. Hakuna mahali pa kuanguka.

Sisemi ati ukae ucheze bana. Ninasema kwa vile hakuna wa kukutisha, huu mwaka soma vitu viingie, juu nimeangalia vitabu vyako na nimeona vitu mimi nilikuja kujulia kazini nikiwa mtu mzima na bibi na watoto.

Chukua ile meza ya duara. Mwezi jana ulikuja na homuweki ya mzingo, mkaambiwa mtafute vitu vya mviringo mpime. Ukaanza na mfuniko wa sufuria, ukaenda kwa ndoo, halafu ukakuja kwa shedi Jumamosi ukapata meza ya kastoma, mita moja na sentimita 20 katikati. Ukazungusha kamba pale ukingoni, ikateleza, ukaishika na masking tepu yangu (yenye hukurudisha, nimeona), ukanyoosha kamba kwa tepu meja ikasoma 377. Ukagawanya na 120. Ukapata tatu nukta moja nne na kitu. Ukaangalia ile ya ndoo, tatu na kitu, ya mfuniko, tatu na kitu. Uso wako nilikuwa nauona. Ukaniuliza, "Dadi, kwani kila duara iko hivi?" Sasa mami, hapo ndio kusoma kuko, hapo peke yake. Yule kijana ananisaidia kazi yuko na miaka mingi hapa na bado anakata ule ukanda wa plaiwudi wa kuzungusha meza kwa macho, anabakisha vipande vinatupwa, na plaiwudi si ya bure. Wewe utakuwa unapiga hesabu kabla ya kushika msumeno. Hiyo ikikuja kwa pepa ni sawa, isipokuja bado unayo.

Ama ile rasiti ya hadweya. Vanishi na gundi, jumla 2,320. Ukaniambia 320 ni VAT, ile kodi ya serikali. Nikataka kukukamata, nikasema asilimia 16 ya 2,320 si 320, piga tena. Ukasema hapana, 16 inapigwa kwa bei ya kwanza, 2,000, ndio inaongezwa. Mimi nakuambia kuna wenye biashara kubwa kubwa hiyo barabara na hapo wanachemsha.

Soshio stadi nayo naona mnafanya Afrika Mashariki. Sisi tulijua Kenya, Uganda, Tanzania, na ati jumuiya ilivunjika 1977, basi. Nyinyi mnahesabu nchi nane, na Kongo iliingia 2022, Somalia ikafuata. Ukiona hizo ni nchi za kukariri tu ujue hata ugali wako umo ndani. 2018 serikali ilifunga ukataji miti kwa misitu yake, saiprasi ikapanda bei mpaka mafundi wengine wakafunga, na mbao tulizokuwa tunapata zilikuwa zinatoka Tanzania, ile ngumu ya mahogani inatoka Kongo inapitia Uganda. Kwa hivyo ramani yako ukiichora chora na barabara ya Malaba, pale mpakani na Uganda, hapo ndio pesa ya viatu vyako ilikuwa inapitia.

Sasa projekti. Hapa mimi na shule hatusikizani na nitasema. Unakuja jioni, ticha amesema kesho mlete hiki na kile, ukiangalia saa ni saa mbili, cyber inafungwa, kuprint ni pesa, na mwishowe ni wazazi wanafanya. Ile siku ya maonyesho niliona zile kazi zimepangwa kwa dawati, zingine zimepigwa msasa na vanishi mara mbili, mtoto wa miaka kumi na mbili gani huyo? Ndio nilikataa kukutengenezea kile kistuli. Ulilia, najua, ukaenda kumwambia mamako ati baba yangu ni fundi na anatengenezea wengine vitanda na mimi hataki. Nilikupatia msumeno mdogo, skweya ya kupima pembe na misumari nikakaa kando. Mguu mmoja ukatoka mfupi. Ukaukata ule mwingine ulingane, ukawa mfupi zaidi, ukakata tena, kistuli kikabaki cha kukalia paka. Lakini ulijua mwenyewe ni kwa nini skweya inawekwa kwanza ndio mtu achore laini. Cucu anakikalia akiosha nguo na amekataa nimtengenezee kingine.

Enzi zetu tulikuwa na Art and Craft kwa KCPE, na si kuchonga, ilikuwa kwa karatasi, unachagua A ama B. Hiyo 8-4-4, mfumo wetu wa shule wa wakati huo, ililetwa 1985 ndio watoto wajue kazi ya mikono, wazazi wakachangishwa pesa za kujenga workshop, na yetu ilikuwa stoo ya madawati mabovu mpaka nikamaliza. Kazi hii nilifunzwa na guka, babu yako, si shule. Kwa hivyo hii yenu pamoja na makelele yake yote mimi naiunga mkono, bora tu wazazi watoe mikono.

Ya sayansi nitaandika haraka haraka juu nikiwa mbele yako sitayasema. Nimeona mko kwa moyo na damu na pia mwili kubadilika mtu akibalehe. Soma bila kuona haya, na wavulana wakicheka darasani waache wacheke, wao pia zao zinakuja. Ikifika siku yako mwambie mamako, ama auntyako, hapo ako sawa kabisa. Sheria ya 2017 ilisema serikali ipeane pedi shuleni lakini mimi sitangojea, nimeshaweka kwa bajeti ya mwezi na nitakuwa nanunua mimi mwenyewe dukani, sioni shida.

Kuhusu tyusheni ya Jumamosi, nimekataa. Wanatoza mia mbili wanawapea pepa za zamani mnatia A B C D mpaka saa nane. Jumamosi unakuja kwa shedi na kile kitabu cha hesabu, kuna kabati ya kona inakuja na sijui nitakata pembe zake vipi, tutaona pamoja.

Penseli za HB nimenunua mbili na raba, ziko kwa droo chini ya TV. Usimpe brathako, ile ya mwisho aliitafuna.

Dadi